KUH: Kompyuta iliyorudi na joto lake lile lile

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Jumatatu nimepokea laptop yangu kutoka kwenye karakana yenu. Imekaa huko siku 16, na imerudi na karatasi yenye mstari mmoja: "Imepimwa, nyuzi 47, haina tatizo."

Nyuzi 47 hata mimi nazipata nikiiwasha na kuiacha bila kazi. Shida inaanza ikipewa kazi, na hilo nililieleza kwenye barua ya kwanza, ambayo sidhani kama fundi aliisoma.

Jioni ile ile nilirudia jaribio. Niliiweka juu ya meza tupu, chaja yake halisi ikiwa imechomekwa, nikafungua programu ya kupima joto, kisha nikaanza kubadilisha video moja kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Sekunde 40 hazikuisha, prosesa (chipu inayofanya kazi zote za kompyuta) ikagonga nyuzi 99. Spidi ikaporomoka kutoka gigahezi 3.6 hadi 0.8, ikapanda kidogo, ikaporomoka tena. Nikiandika sentensi, herufi zinatokea nikiwa nimeshamaliza kuiandika.

Najua prosesa hujipunguzia spidi ili isiungue, na kikomo cha hii yangu ni nyuzi 100. Hapo inafanya kazi yake. Ninachouliza ni kwa nini inafika huko upesi hivyo.

Feni ilikuwa ikinguruma, nikaweka kiganja kwenye matundu ya pembeni. Hewa iliyokuwa ikitoka ni vuguvugu tu! Prosesa inatokota, hewa vuguvugu: basi joto halifiki kule feni inakopuliza. Vumbi silo, maana mashine ina miezi 5 na matundu nimeyamulika kwa tochi, ni masafi. Tena kati ya kore nne, yaani sehemu nne za prosesa zinazogawana kazi, moja huzidi wenzake kwa nyuzi 17 kila ninapopima. Mimi si fundi, lakini ningeanza na pesti ya joto (uji mzito unaopitisha joto kutoka prosesa hadi bamba lililo juu yake) iliyopakwa vibaya, au bamba la shaba lisilokaa sawasawa juu ya prosesa. Hayo hayaonekani bila kufungua kifuniko, na kifuniko hakikufunguliwa. Stika yenu ya waranti juu ya skrubu ya katikati iko nzima, haina hata mkunjo.

Windows nimeiweka upya mara mbili kwa maelekezo yenu, bayosi (programu ya msingi inayoiwasha mashine) nimeisasisha. Kwa simu nikaambiwa nishushe kikomo cha prosesa hadi asilimia 99. Joto lilishuka, ni kweli, kwa sababu spidi ya juu niliyoilipia haiwaki tena. Ni sawa na kumwambia mwenye kiatu kinachobana asitembee.

Naomba ifunguliwe, pesti ya zamani ifutwe na kupakwa mpya, bamba likazwe, kisha ijaribiwe kwa kazi nzito dakika 30. Nitumiwe rekodi ya joto na spidi kwa muda wote huo. Ikishindikana, nibadilishiwe mashine. Waranti bado ina miezi 7.

Nimeambatanisha picha ya stika na video ya jaribio. Siitumi tena kompyuta mpaka nijibiwe kwa maandishi kwamba safari hii itafunguliwa.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa