Shule ziwafikirie wanaovaa koti la mgongo

Mhariri,

Naandika kuhusu wanafunzi wenye skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda upande, wanaovaa koti gumu la plastiki ili usizidi kupinda wangali wanakua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kuwa waliolivaa takriban saa 13 au zaidi kwa siku ndio walionufaika zaidi. Mwanafunzi akilivua kila aingiapo darasani, huenda saa hizo zisitimie.

Wengi hulivua kwa sababu ya joto na sare inayobana. Fulana ya pamba isiyo na mishono, ikivaliwa ndani ya koti na kuvutwa isijikunje, huzuia michubuko. Ikilowa jasho ibadilishwe. Wekundu usiotoweka nusu saa baada ya kulivua ni dalili kuwa koti linabana vibaya, lirudishwe kwa fundi.

Naziomba shule ziruhusu shati kubwa kidogo na kutenga chumba cha faragha cha kubadilishia fulana.

Msomaji wako,
Moshi