Kitanda cha maboksi

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo, watoto wamefunga shule na kaskazi imeanza kupuliza, angalau usiku tunalala. Barua yako nimeipata Ijumaa. Pole kwa nyumba ya marehemu mama kukaa miezi minane bila mnunuzi. Ila nilipofika pale uliposema shemeji anataka mkope benki muijaze makochi mapya, nilicheka peke yangu jikoni. Msikope. Nilipouza ile ya baba nilitumia Sh 450,000 tu, na sehemu yake niliipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe.

Mwanzo niliacha kila kitu kilivyokuwa. Unakikumbuka kile chumba cha mbele: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vyombo, cherehani mbovu, magunia ya nazi. Dalali alileta watu watatu, wote wakaishia mlangoni. Mmoja alimnong'oneza mwenziwe kwamba vyumba ni vidogo. Chumba cha futi 12 kwa 12! Nikapandwa na hasira, nikahamisha kila kitu, vingine kwa wifi, vingine kwa shangazi. Nyumba ikabaki tupu na ikawa mbaya zaidi. Ukikohoa ukuta unakujibu. Kila ufa ukaonekana, kila tundu la msumari. Na ajabu, vyumba vikazidi kuonekana vidogo, maana mtu akisimama kwenye chumba kitupu hajui kitanda chake kitakaa wapi, wala kama mlango utafunguka kikishaingia.

Kumbe chumba kinataka kitu kimoja au viwili vya kukipimia, basi. Sebuleni nikarudisha meza ya baba, ile ya mtiki aliyochongewa Muheza. Nilimpa seremala Sh 15,000 akaipiga msasa na vanishi, nikaazima viti viwili, nikatandika mkeka mmoja wa ukili. Mapazia sikununua dukani. Nilichambua mitumba pale Tangamano nikapata mashuka meupe mapana, fundi cherehani akayakata yakatosha madirisha manne. Balbu nilibadilisha zote, maana ile ya ukumbini iliufanya ukuta uonekane una homa ya manjano. (Na uhakikishe LUKU ina umeme. Siku moja ulikatika mgeni akiwa chooni.) Pesa nyingi zilikwenda kwenye rangi na fundi wa rangi. Hizo sizijutii, isipokuwa ndoo moja ambayo nitakuambia.

Sasa sikia kisa cha kitanda.

Nilikuwa na kitanda kimoja tu cha futi 5 kwa 6, na vyumba vya kulala ni viwili. Kijana wa dalali akanipa akili: panga maboksi ya sabuni, juu laza mbao, tandika shuka na mito, nani atajua? Nikafanya hivyo. Kwenye picha alizorusha WhatsApp kilipendeza kuliko cha kweli. Jumamosi akaja bibi mmoja wa Pangani na wanawe wawili. Akazunguka polepole, akashika madirisha, akafungua mabomba. Alipofika chumba kile akasema miguu inamuuma, na kabla sijafumbua mdomo, akajibwaga. Wallahi shoga, nilitamani ardhi inimeze. Bibi alizama katikati, miguu juu, maboksi yakachungulia pande zote. Tukamwinua. Akajipangusa, akakitazama kitanda, kisha akautazama ukuta wa upande wa choo, nilioutundikia kanga mbili kama pambo. Akaniuliza taratibu, "Na huo ukuta, mwanangu, nao wa maboksi?" Akaenda kufunua kanga mwenyewe.

Nyuma ya kanga kulikuwa na unyevu. Chumvi nyeupe imechanua kama unga wa muhogo, rangi inamenyuka. Wazee wetu walijengea mchanga wa bahari, na chumvi iliyomo huvuta unyevu daima. Mimi nilikuwa nimeupaka rangi ya mafuta, ndiyo hiyo ndoo ninayoijutia, maana rangi ya mafuta huyafungia maji ndani ya ukuta. Mwezi haukuisha ikavimba kama andazi. Bibi hakusema zaidi. Wanawe hawakutaka hata kuona uani.

Nilikaa siku mbili sitaki kuonana na dalali. Kisha nikamwita mwashi, jambo ambalo ningelifanya kwanza kabla ya mashuka na balbu. Alikuta bomba la choo linavuja ndani kwa ndani, akaliziba, akabandua plasta mpaka futi 3 kutoka chini, akauacha ukuta wazi majuma matatu ukauke, ndipo akapiga chokaa. Kila aliyekuja baada ya hapo nilianza kumwonyesha ukuta ule. Kanga zikarudi kabatini, na kitanda cha pili nikaazima cha kweli.

Kwako Nianjema nenda kapapase kuta kwanza, hasa nyuma ya makabati. Vitanda usinunue. Huko Bagamoyo mna maseremala wa samadari kila kona, mwombe mmoja aweke chake humo ndani, mnunuzi akikipenda auziwe na fundi mwenyewe. Nadhani atakubali, dukani kwake kinakula vumbi tu. Uani fagia, ng'oa magugu, tandika jamvi chini ya mti. Huo uani wangu haukunigharimu hata senti na ndiko wanawake walikokaa muda mrefu kuliko sebuleni. Udi fukiza kidogo sana. Nilipozidisha, mgeni aliniuliza nilikuwa naficha harufu gani.

Na makaratasi, shoga. Mama aliandika hati kwa jina lake, sasa je, mahakama imeshamteua msimamizi wa mirathi? Nduguzo wote wamekubali? Risiti za kodi ya ardhi zipo? Hati ya baba ilikuwa ya miaka 33, na walionunua, mwalimu na mkewe, kitu cha kwanza mume alichofanya ni kuhesabu miaka iliyobaki. Mapazia hata hakuyaona. Alikaa na faili saa nzima, mimi jasho linanitoka, mkewe yuko uani anapima kwa hatua mahali pa tangi la maji.

Waliporudi wiki ya pili kukamilisha, yule mama akaniuliza kama mkeka unabaki. Nikamwambia unabaki, na mapazia pia. Akauliza na meza je? Akaongeza bei mara mbili, dalali ananikonyeza nikubali. Hiyo nilikataa. Ndiyo ninayokuandikia juu yake sasa hivi, na mguu mmoja bado unacheza.

Msalimie shemeji.

Wako,
Mwanahamisi