Barua ya wazi kwa Meya wa Hamilton: Main Street isisubiri reli ya abiria inayopangwa mjini

Mheshimiwa Meya,

Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu watu 569,353 Hamilton na 439,819 Halifax. Hata hivyo, jioni ukisimama mtaa wa Argyle kule Halifax unasikia watu wakizungumza. Ukisimama Main hapa kwetu unasikia matairi.

Majengo ya kale tunayo, kuanzia Gore Park hadi James Street North. Kilichotuponza ni uamuzi wa 1956, barabara za Main na King zilipofanywa za upande mmoja, na taa zikapangwa ili gari likatize mji bila kusimama. Main ina hadi leni tano. Tuchukulie kila leni ni mita 3.5: jumla mita 17.5. Bibi mwenye mkongojo, anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji sekunde 22 kufika ng'ambo. Duka la upande wa pili limeshampoteza.

Mwaka 2017 Halifax iliijenga upya Argyle bila kingo za kutenga njia ya miguu na ya magari. Watu na magari wakawa kwenye sakafu moja, meza za migahawa zikatoka nje. Dereva asiyeona mpaka wake hupunguza mwendo. (Mtaa wa namna hiyo lazima uwe na vigae vya kupapasa kwa fimbo, la sivyo asiyeona hujikuta katikati ya magari.) Lakini kosa lao la barabara ya Spring Garden tusilirudie: Julai 2022 waliitenga kwa mabasi mchana, wakategemea vibao. Madereva wakapita tu, jaribio likasitishwa ndani ya siku chache.

Baraza lilishaamua mwaka 2022 kwamba Main iwe ya pande mbili. Kazi hiyo ni ghali, kwa sababu kila njia panda inahitaji taa mpya za kuwatazama madereva watokao mashariki, pamoja na nafasi ya kukatia kona kushoto. Wakati fedha zinatafutwa, tunaomba kati ya mitaa ya Queen na Wellington pembe za njia panda zisogezwe mbele kwa nguzo fupi na vyungu vizito vya maua, ili kivuko kipungue leni moja kila upande. Vyungu viwe vya kuhamishika; la sivyo magari ya kuondoa theluji yatavigonga. Na taa ya waenda kwa miguu iwake sekunde 5 kabla ya ile ya magari.

James Street North ilirudishwa pande mbili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tunakuomba uipitie Ijumaa ya pili ya mwezi, jioni ya maonyesho ya sanaa (Art Crawl), kisha utembee hadi Main.

Wako,
Wakazi wa katikati ya jiji