Salamu za Krismasi kutoka getini

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari za siku nyingi. Nimechelewa kutuma salamu mwaka huu mnisamehe, wengi mmeshanitumia zenu na mi nasoma tu nanyamaza. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka tele, Mungu awajalie afya, amani na riziki nyinyi na wote wa nyumbani kwenu.

Mwaka umekuwa mzito jamani. Nauli imepanda, kodi imepanda, ada imepanda na mshahara uko palepale. Na mnajua mama alitutoka mwezi wa sita. Hii ndo Krismasi ya kwanza bila yeye, kwahiyo niliposikia makao fulani ya watoto wa kiume wanatafuta watu wa kujitolea siku ya familia nikakubali haraka haraka, ukweli ni kwamba sikutaka kushinda ndani peke yangu.

Nikapangwa getini na daftari la wageni. Jina la mgeni, anamtembelea nani, uhusiano, saa ya kuingia. Kabla ya kuanza mlezi mmoja wa kina mama akatukalisha akatupa masharti: hakuna kupiga picha, usimuulize mtoto kwanini yuko hapa, usimwahidi utarudi kama huna uhakika, na msiwaite mayatima maana wengi wao wana mzazi aliye hai. Hilo la mwisho lilinishtua. Mi miaka yote nilijua aliyeko makao hana mtu, kumbe wengi wana mtu, ila nyumba ilizidiwa, umaskini, ugonjwa, ugomvi, mzazi kafungwa. Yule mama akasema Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na wazazi haki ya kuendelea kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa pale itakapomdhuru, kwahiyo tusidhani leo tunawafanyia hisani.

Wageni wakaanza kuingia. Wavulana wakubwa wanajifanya hawana habari, wamesimama mbali mikono mfukoni, ila kila geti likilia shingo zote zinageuka. Mmoja, kama miaka kumi na moja hivi, shati kalichomekea vizuri, akaja kusimama pembeni yangu akaniuliza saa ngapi. Baada ya muda tena, saa ngapi. Akaniuliza mara nne. Alikuwa anamsubiri shangazi yake. Mchana ukapita, baadae akaitwa ofisini, shangazi amepiga simu, nauli haikutosha. Akaongea naye dakika chache akarudi. Hakulia, akasema tumbo linamuuma. Alafu akaangalia daftari akaniambia, "Niandikie na mimi basi, shangazi kaja kwa simu." Nikaandika. Kwenye uhusiano nikaandika shangazi, kwenye saa ya kuingia nikaandika saa tisa na dakika kumi.

Mama alivyonipigia mwezi wa tano nilimwambia nitakuja sikukuu mama, sasa hivi nauli imebana. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hili mpaka leo naandika hapa.

Ndugu zangu, mwezi huu makao yanajaa wageni, magari yanapanga foleni na zawadi, alafu mwezi wa pili kimya. Zawadi si mbaya, mtoto anahitaji viatu na madaftari, sikatai. Ila tukitaka kutoa tuulize kwanza kinachokosekana, maana saa nyingine kinachokosekana ni nauli ya bibi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala, yaani mtoto kulelewa na wengine badala ya wazazi wake, inasema wazi umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, sasa sisi tunaoishi jirani na nyumba inayozidiwa tunafanya nini kabla mtoto hajafika huko getini? Mjane wa jirani akipungukiwa tunasubiri nini? Na wewe kaka uliyeacha mtoto mahali, mtafute, usisubiri uwe na pesa. Mpigie. Na ukisema utakuja Jumamosi, nenda Jumamosi, hata mikono mitupu, na kama umekwama piga simu mapema mtoto asisimame getini siku nzima.

Mi nimeshaongea na ofisi yao, nauli za ndugu wasio na uwezo zinaweza kuchangwa kupitia wao, majina ya watoto na ndugu hawatupi na hatuyahitaji. Siku ya familia ijayo ni baada ya shule kufunguliwa. Anayeguswa aniandikie inbox, hata kidogo kinapokelewa.

Basi niwatakie tena Krismasi njema na Mwaka Mpya wa heri na fanaka. Mlio safarini Mungu awafikishe salama, mlio wagonjwa awaponye, tuliofiwa atufariji. Nisalimieni na mama zenu.