Nyama choma Jumamosi, bustani ya Tempelhofer Feld

Habari za jioni ndugu zangu wa Berlin. Jumamosi hii tukutane saa 7 mchana, sehemu ya kuchomea nyama upande wa Oderstraße. Pandeni treni ya U8, mshuke kituo cha Boddinstraße. Mageti hufungwa giza likiingia, tuwahi.

1. Mchango euro 10, mwisho Alhamisi usiku. Watoto bure.
2. Mkaa na jiko nabeba mimi. Kachumbari na ndizi, akina mama wa Spandau tafadhali.

Tuna mgeni, binti wa Mbeya. Ana wiki tatu hapa, Kiswahili anakisikia kwenye simu tu. Nilipomsalimia dukani alinishika mkono, hakuuachia upesi. Anayekaa mtaa wa Wedding naomba ampitie, asije peke yake.

Thibitisheni hapa kabla ya kesho saa 2 usiku: jina na idadi ya watu, ninunue nyama ya kutosha.