Mzuie Fundi wa Lipu Kwanza

London, Jumapili usiku

Mpendwa Atu,

Habari za siku nyingi? Mama anaendeleaje na mguu? Mimi mzima, ni baridi tu na zamu za usiku. Salamu nyingine utazisambaza mwenyewe, maana leo nimeshika kalamu kwa sababu ya ile picha uliyonitumia jana. Mmependeza, lakini macho yangu yaliishia kwenye mifuko ya simenti iliyopangwa barazani kwa marehemu babu. Halafu unaniandikia kwa furaha kabisa kwamba mnaipiga lipu nyumba nzima, Baba Mdogo anataka ing'ae kabla ya harusi ya Tumaini. Atu! Matofali yale?

Yule bibi ninayemhudumia kazini aliomba apelekwe kuona nyumba moja huko Bexleyheath, pembeni mwa London. Inaitwa Red House, na kweli ni nyekundu: kuta za matofali matupu, vigae juu. Msanifu majengo Philip Webb aliichora mwaka 1859 akiwa na miaka 28, kazi yake ya kwanza ya kujitegemea, kwa ajili ya rafiki yake William Morris, yule mbunifu wa nakshi na mwandishi. Nilitegemea jumba la kifalme. Kumbe ni nyumba ya kuishi watu, imekunja kona mfano wa herufi L, na uani kuna kisima chenye paa lililochongoka. Waliijenga ndani ya shamba la matunda, wakajitahidi kuibakiza miti. Na madirisha hayalingani! Mengine marefu, mengine ya duara. Webb aliweka dirisha pale chumba kilipolihitaji, watu wa nje waone wanavyoona. Fundi Mwaka angesema jamaa alisahau futi kamba nyumbani.

Basi sikia. Enzi hizo wenye pesa Uingereza walifanya hayohayo anayoyataka Baba Mdogo. Walifunika matofali kwa lipu, wakaichora mistari ili mpita njia adhani ni mawe. Hawa vijana wawili wakaacha tofali lionekane tofali. Leo nyumba yao iko daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa na sheria, na National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale, liliinunua mwaka 2003. Morris mwenyewe aliishi humo miaka mitano tu. Safari za kwenda kazini London zilimchosha, akaugua, pesa nazo zikapungua, akahama mwaka 1865. (Wewe unayelalamikia daladala za Uyole, pole.)

Lakini turudi kwenye simenti, maana nikizungumzia uzuri Baba Mdogo atasema Ulaya imeniharibu. Shida ni maji. Mvua ya Tukuyu nani asiyeijua? Tofali la zamani la kuchoma ni laini, linanyonya maji na kuyatoa jua likiwaka. Ukilifungia ndani ya simenti ngumu, maji yatapenya kwenye nyufa halafu yakose pa kutokea. Tofali linamenyuka huko ndani kidogokidogo, ninyi nje mnasifia rangi. Chokaa hupitisha unyevu, na ikichakaa unabandua na kupaka nyingine, tofali liko palepale. Morris na Webb walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, na mpaka leo chama hicho kinahimiza hivyo: ziba panapovuja, rekebisha palipooza, usiivishe nyumba sura mpya.

Nikusimulie na hili. Mwaka 2013 walifichua picha kamili ya ukutani kwenye chumba alicholala Morris, nyuma ya kabati: Adamu na Hawa, Nuhu, Raheli, Yakobo na ngazi yake. Miaka yote hiyo watu wanatundika makoti hapo! Nikawaza lile tofali la juu ya mlango wa jikoni kwenu, lenye alama za vidole vya bibi. Lipu ikipita hapo, nani atakuja kulitafuta?

Sisemi msifanye kitu. Ile kona ya choo inavuja tangu tuko sekondari, hela ianzie huko. Mabati pia.

Sasa nijibu. Fundi ameshaanza au bado anasubiri mchanga? Chukua msumari ukwaruze katikati ya matofali: ni udongo, chokaa, au nini? Chokaa hapo mjini inauzwa bei gani siku hizi? Madirisha ya mbao mmeshayang'oa? Yako wapi, au Mama Eliza ameshayafanya kuni? Na je, Baba Mdogo nimpigie mimi, au nimtumie Baba Mkubwa, maana wewe najua ukimwona tu unaanza kutikisa kichwa "ndiyo baba, ndiyo baba"? Nipigie Jumatano, siku hiyo siingii kazini. Mifuko ya simenti irudishwe dukani kabla haijaganda, au mjengee banda la kuku.

Wako,
Neema