YAH: Kufunga Muhula, na Kazi ya Mwalimu Mbele ya Darasa

Wazazi na walezi wapendwa,

Salamu nyingi. Muhula umekwisha, na ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii. Alama mtazisoma wenyewe. Mimi nataka kuzungumza nanyi kuhusu walimu.

Baadhi yenu mliuliza kwa nini walimu wamekuwa wakibaki baada ya masomo kufanya mazoezi ya waigizaji: kupumua, kutoa sauti ifike nyuma bila kupiga kelele, kusimama, kunyamaza. Sauti ndiyo jembe la mwalimu, na asiyejua kuitumia hukaukiwa koo kabla ya wiki kuisha.

Zoezi lililozaa matunda zaidi ni kunyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Nililiona hilo katika somo la sehemu. Mwalimu aliuliza ipi kubwa, theluthi au robo, kisha akatulia. Mikono ya haraka ikajibu robo, maana nne inaizidi tatu. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu, akaendelea kusubiri. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akakunja karatasi yake, akaikunjua, akaitazama tena, ndipo akanyoosha mkono. Kuuzuia uso usitoe jibu ni ufundi wa jukwaani, na siku ile ulimpa mtoto yule nafasi ya kufikiri.

Hata hivyo, madoido peke yake hayafundishi. Watafiti wa Marekani waliwahi kumpa mwigizaji mhadhara usio na maana na kumtambulisha kama Dk. Fox, msomi. Wasikilizaji wake walikuwa watu wa elimu na tiba, nao walimsifu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973, na kwangu ni onyo kubwa. Mwalimu mzuri kwanza analimudu somo lake, na anajua mtoto hukwama wapi. Mwigizaji hufuata maneno aliyoandikiwa; mwalimu huyaacha pale anapoona nyuso zimepotea.

Kwa hiyo, kwa wale mlioomba mtoto ahamishiwe kwa mwalimu mchangamfu zaidi, nawasihi mvute subira. Tunao walimu wapole, wa sauti ya chini, ambao madaftari ya wanafunzi wao yananifurahisha kila ninapoyakagua. Likizoni, badala ya kumuuliza mtoto kama mwalimu wake anachekesha, mwambie akufundishe jambo moja alilojifunza, nawe umuulize "kwa nini?" kisha usubiri.

Muhula ujao, mzazi atakayependa kuketi nyuma ya darasa na kufuatilia somo zima anakaribishwa. Tafadhali andikisha jina ofisini wiki ya kwanza.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu